Mama wa Kuazima Jikoni Kwangu

"Karibuni sana, jisikieni nyumbani. Mimi naitwa Mererid."

Jamani... Mererid ni MIMI!

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nyumba yangu mwenyewe, funguo bado ziko mkononi, nikimsikiliza mwanamke mwingine akijitambulisha kwa jina langu. Jikoni kwangu. Kavaa aproni yangu. Na miguuni kavaa viatu vyangu vya ndani vya manyoya, vile ambavyo hata mume wangu haruhusiwi kuvigusa!

Tulieni. Msikimbilie kuandika maoni huko chini, hamjasikia kitu bado.

Mimi ni mpishi wa shule. Asubuhi hiyo mtambo wa kupasha joto uligoma, madarasa yakawa barafu, watoto wakarudishwa makwao na sisi wa jikoni tukaambiwa tuondoke. Siku nyingine zote nyumba yangu huwa tupu mpaka alasiri. Anayebaki ni Siani peke yake.

Siani ni mbwa wangu. Masikio marefu, madoa ya kahawia, macho ya mtoto aliyevunja sahani. Mimi na mume wangu Gwilym tulimchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Hatujajaliwa mtoto, kwa hiyo mkinisikia namwongelea huyu mbwa kama mimi ndiye niliyemzaa, nivumilieni tu.

Nikanyata mpaka mlango wa jikoni.

Aliyekuwa anajiita mimi alikuwa Heledd. Wifi yangu! Dada yake Gwilym, tumbo moja! Anawamiminia chai mzee mmoja na mkewe nisiowajua, kwa birika la marehemu mama yangu, na vikeki vya kikaangoni kawapangia kwenye sahani ya wageni.

Na pale chini, kwenye zulia, mbele ya jiko la moto...

Siani wangu. Kalala ubavu, kakakamaa. Na tumboni kwake wamepangwa watoto wa mbwa wanne!

"Ona mama yao alivyo mpole," yule mama mgeni akasema, kakumbatia kitoto cha tano kifuani. "Hata hafurukuti."

"Ni malezi tu," Heledd akajibu, sauti asali tupu. "Amezalia hapa hapa. Mimi na mume wangu Gwilym hatukupata hata lepe la usingizi."

Mume wangu Gwilym!!! Kaka yake wa damu kamfanya mume!

"Heledd," nikasema.

Chai ikamwagika mezani.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza.

"Ah... huyu... ni dada wa usafi," Heledd akasema. Bila haya, bila kupepesa jicho!

"Dada wa usafi? Haya, nimekuja kusafisha. Naanza na wewe. Vua aproni yangu."

"Mererid, usilete mambo yako mbele ya wageni..."

"Kumbe jina langu unalijua! Basi watajie wageni na la kwako."

Yule mama akatuangalia mimi na Heledd, Heledd na mimi. "Samahani, sielewi. Mwenye mbwa ni nani?"

"Ni mimi, mama. Na huyu mbwa alifungwa kizazi kabla hajaingia kwangu. Hawezi kuzaa hata panya."

"Lakini tumemwona mama yao!" mzee akang'aka. "Kila mtu anatuambia, msinunue mtoto wa mbwa bila kumwona akiwa na mama yake. Ndiyo sheria! Tumesafiri kutoka mbali, tumekuja, tumemwona!"

"Mzee wangu, mama mmemwona kweli. Ila ni wa kuazima."

Yule mama akainamisha uso kwenye kile kitoto. "Kinatetemeka," akasema polepole. "Nilidhani ni baridi."

Akakirudisha kwenye zulia huku machozi yanamtoka. Mzee akamshika mkono, wakaondoka, na vikeki hawakuvigusa.

Mlango ulipofungwa tu, Heledd akabadilika. Akachukua kapu langu la nguo chafu, akawa anawatumbukiza wale watoto mmoja mmoja kama viazi.

"Unajua umeniharibia nini wewe?"

"Nani kakupa ufunguo wa nyumba yangu?"

Akacheka. Nacheka leo nikikumbuka, lakini siku ile kicheko kile kilinichoma mpaka kwenye mifupa.

"Si umuulize mumeo!"

Akaondoka na kapu langu. Na viatu vyangu pia!

Nikageuka kumwangalia Siani.

Wageni wameondoka, watoto wameondoka, na yeye bado kalala vilevile. Nikapiga magoti, nikamwita kwa jina. Hakunyanyua hata sikio. Nikaweka mkono mbavuni kwake... mwili mzima ulikuwa unatetemeka kwa ndani, kama friji ya zamani. Macho kayafumba. Alikuwa anasubiri yaishe.

Hicho ndicho walichokiita upole, jamani. Mbwa kaganda kwa hofu, watu wanamsifia malezi!

Wiki kadhaa Siani alikuwa amegoma kula jikoni. Nikasema ni uzee. Nikambadilishia chakula, nikamnunulia bakuli jipya, nikamsema kwa kudeka. Kumbe mwenzangu, kila nikienda kazini, kazi yake nayo inaanza!

Nikampigia Gwilym. Yeye anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani.

"Gwilym, nani alimpa dada yako ufunguo?"

Kimya. Nasikia injini tu.

"Gwilym!"

"Mimi. Alisema atakuwa anamtoa Siani nje mchana, akanyooshe miguu."

"Anamwonyesha kwa wateja kama mama wa watoto ambao hata hawajui! Ulikuwa na habari?"

Kimya tena.

Nyie walio kwenye ndoa mtanielewa. Kimya cha mume wangu nakijua. Kipo cha njaa, kipo cha uchovu, kipo cha timu yake kufungwa. Hiki sikuwahi kukisikia.

"Tutaongea nikirudi," akasema, akakata.

Nikakaa. Nikasimama. Nikaosha vile vikombe, nikavikausha, nikaviosha tena. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Siani kajificha chini ya ngazi, nami nimebaki nazunguka meza kama kuku aliyepotelewa na mayai.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Delyth, msimamizi wa kile kituo tulikomchukua Siani. Delyth ambaye kila Krismasi humletea Siani mfupa wenye utepe mwekundu. Safari hii hakuja na mfupa. Alikuja na afisa wa halmashauri anayefuatilia biashara ya wanyama.

"Mererid, tunaomba kuingia." Hakutabasamu.

Akaweka simu yake mezani. Tangazo! Jiko langu, zulia langu, Siani wangu kalala na wale watoto. Limeandikwa: "Watoto wa mbwa waliolelewa na familia. Mama yao yupo, njooni mumwone." Jina la muuzaji... Mererid.

"Kuna mtu ametupigia," afisa akasema. "Ametoa anwani hii."

"Mtu gani?"

"Hakujitaja."

"Delyth, wewe unanijua!"

"Nilidhani nakujua," Delyth akasema. "Siani alipofungwa kizazi nilikuwepo. Kovu lake nililisafisha kwa mikono hii. Hao watoto si wake, hilo najua. Swali langu ni moja. Nani kawazaa?"

"Sijui! Ni wifi yangu ndiye..."

"Kila mlango tukigonga ni wifi," afisa akadakia. "Wifi, shemeji, jirani. Hatujawahi kumkuta mwenyewe."

Nikamgeukia Delyth anitetee.

Delyth akachuchumaa pale chini ya ngazi, akamnyooshea Siani mkono. Siani akarudi nyuma. Delyth akasimama, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulipomchukua tulikubaliana, mbwa wetu hafanyiwi biashara. Kesho asubuhi narudi. Usiponiambia hao watoto wanatoka wapi, Siani anaondoka na mimi."

"Delyth, huwezi kunifanyia hivyo!"

"Naweza. Na ungekuwa mimi, ungefanya hivyo hivyo."

Kilichoniuma zaidi, alikuwa anasema kweli.

Walipoondoka sikukaa. Nilichukua koti, nikamchukua Siani, nikawasha gari. Heledd anaishi chumba kimoja juu ya duka la samaki na chipsi, hapo huwezi kufuga hata kobe. Kapu langu limekwenda mahali penye nafasi. Na kwenye ukoo wa mume wangu, penye nafasi ni mahali pamoja tu.

Shambani kwa mama mkwe.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu, Eluned. Kanisani anakaa benchi la mbele na sauti yake ndiyo inayobeba kwaya nzima. Mtu akifiwa popote bondeni kwetu, wa kwanza kufika na chungu cha supu ni yeye. Tangu niolewe hajawahi kunipandishia sauti. Shoga zangu wakilia na mama wakwe zao, mimi nilikuwa naringa!

Ukistaajabu ya Musa...

Nilimkuta uani, mvua inanyunyiza, kavaa mabuti, kitambaa kichwani.

"Mkamwana wangu! Leo vipi, shule wamefunga? Ingia ndani, nina keki imetoka sasa hivi."

"Mama, Heledd yuko wapi?"

"Kapita tu hapa. Si unamjua na haraka zake."

Jicho langu likatua kwenye ngazi za mlango. Kapu langu la nguo! Tupu.

"Mama, lile kapu ni langu."

"Makapu yanafanana, mwanangu."

Kutoka banda la nyuma redio ilikuwa inaimba. Kwaya, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Banda lile lilikuwa la ng'ombe, na ng'ombe waliuzwa zamani.

"Mama, unamwekea nani redio?"

"Panya," akasema. "Kelele zinawakimbiza."

Akatabasamu. Mimi nikabaki namtazama tu. Akaona siendi kokote, akajifuta mikono.

"Haya, tuongee kama watu wazima. Heledd kaniambia. Haikupaswa ujue kwa namna ile, na kwa hilo nakuomba radhi. Lakini ng'ombe walinishinda, Mererid. Maziwa hayamlishi mtu siku hizi. Watu wanataka vitoto vyenye manyoya laini, na wanavitaka leo leo. Mimi nawapa wanachotaka. Kosa langu liko wapi?"

"Watu wa kituo na afisa wamekuja kwangu, na kesho wanarudi! Kama hakuna kosa, kwa nini usiwaonyeshe wateja mama zao wa kweli?"

"Hawapendezi," akasema.

Basi. Neno moja, kama mtu anayeongelea kabichi iliyonyauka.

"Huyo wako anapendeza. Ametulia. Ukimwazima siku mojamoja utapungukiwa nini? Familia ni kusaidiana. Kesho wakirudi waambie kuna mtu aliiba picha zako mtandaoni. Yataisha."

"Yasipoisha wanamchukua Siani!"

"Nitakupa mwingine."

Nitakupa mwingine!!! Kama vile nimepasua kikombe!

Nilikuwa sijafunga vizuri mlango wa gari. Siani alikuwa ameshuka, anakuja nyuma yangu tumbo chini, ananitafuta. Mama mkwe yeye alishageuka, mazungumzo kwake yamekwisha. Akachukua ndoo ya chuma, akaigonga kwa mwiko wa kulishia.

Ngwaa! Ngwaa! Ngwaa!

Siani akaanguka.

Sisemi alikaa. ALIANGUKA. Tumbo kwenye tope, kidevu kwenye tope, macho kayafumba kabisa. Na kule bandani, nyuma ya ile kwaya, mikwaruzo yote ya kucha ambayo sikujua hata kama naisikia ikanyamaza kwa pamoja.

Mama mkwe akageuka. Akamwangalia Siani vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Maana kila Jumapili akija kwetu kula, Siani alikuwa chini ya kitanda huko juu, na sisi tunacheka kwamba huyu mbwa hapendi wanakwaya.

Ndoo ikamponyoka mkononi.

"Huyo..." akasema. "Huyo si alishakufa?"

Nikamkaribia hatua moja.

"Umesemaje, mama?"

"Huyo ni wa kizimba cha mwisho. Alishakuwa hazai. Nilimwambia Gwilym akammalize, na Gwilym akaja akaniambia kammaliza!"

Gwilym gani, jamani? Huyu anayemkatia Siani nyama yake mwenyewe mezani?

Nikakimbilia bandani. Nikamsikia ananiita nyuma, sikugeuka. Nikasukuma mlango.

Sitawaelezea yote, wengine mnakula. Vizimba vya waya, kimoja juu ya kingine. Taa moja. Harufu ya mkojo inayokata macho. Na kina mama. Matiti yananing'inia mpaka kwenye waya, manyoya yameshikana kama matambara, na wote, WOTE, wamelala kifudifudi na macho wameyafumba. Hakuna aliyebweka. Wale watoto watano wametupwa kwenye boksi pembeni, na redio juu ya rafu inaimba habari za rehema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mle ndani kulikuwa na wazazi waliozaa na kunyang'anywa, wakazaa na kunyang'anywa, mpaka wakaacha kuangalia anayewachukulia.

Nikasikia breki za lori uani.

Gwilym aliruka hata mlango hakufunga; nyumbani hakutukuta, akajua tumekuja huku.

"Gwilym, mtoe mkeo humo bandani!" mama yake akasema.

"Gwilym, mwambie mama yako Siani alikufaje!" nikasema mimi.

Akasimama katikati yetu na mabuti yake ya maziwa. Mume wangu ni mtu wa kubeba ndama begani. Sasa alishindwa kuinua macho.

"Sikuweza," akasema. "Mama alinipa bunduki. Nikampeleka mpaka kule kwenye miti. Akalala chini mwenyewe, Mererid, akafumba macho mwenyewe. Hata hakujaribu kukimbia. Nikashindwa. Nikamfunga kwenye geti la kituo, nikaondoka."

"Halafu?"

"Halafu nikaona picha yake kwenye ukurasa wa kituo. Wamemwosha, wamemnyoa. Ndipo nikakwambia twende tukachukue mbwa."

Nikakumbuka siku ile. Mbwa wazuri wanarukaruka kushoto na kulia, yeye anawapita wote kama hawaoni, mpaka kwa mmoja aliyejikunyata ukutani. "Huyu," akasema. Mimi nimekuwa nawasimulia watu kwamba ni mapenzi ya kuonana mara moja!

"Kwa hiyo miaka yote hii unajua banda hili lipo."

"Najua."

"Unakuja hapa unakula keki, unajua."

"Najua. Lakini juzi nilipoliona lile tangazo, Siani kalazwa jikoni kwetu... nilishindwa. Nikapiga simu."

Nikamshika koti.

"Wewe?! Wewe ndiye uliyepiga?"

"Ni mimi."

"Ukawapa anwani YETU? Ukawapa JINA LANGU?"

"Nilijua wakija kwetu watauliza, watafuatilia, watafika huku wenyewe. Nilijaribu kumtaja mama, Mererid. Nilijaribu. Jina halikutoka."

Mmeelewa lakini? Mtu kashindwa kumtaja mama yake, akanitanguliza mimi! Mkewe! Akaona heri nigongewe mimi, heri Siani awekwe rehani, kuliko yeye kutamka neno moja mbele ya mama!

Nilitaka kumzaba kibao. Mkono ulinyanyuka kweli. Lakini mkono huohuo ulikuwa na simu, na namba ya Delyth ilikuwa juu kabisa. Nikaibonyeza, nikaweka sauti ya nje, nikamkabidhi.

"Taja."

Simu ikaita. Mama mkwe akasogea karibu na mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya chini, tamu, ile ya kutuliza wafiwa.

"Taja, mwanangu. Taja tu. Halafu ujue kizingiti changu hutakivuka tena, hata siku ya maziko yangu."

"Halo?" Delyth akapokea. "Mererid?"

Kwaya inaimba. Mvua inanyunyiza. Gwilym anapumua kama amebeba gunia.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Ningeweza kulitaja mimi. Jina lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini nilijua nikilitaja mimi, mwanaume huyu atabaki mtoto mpaka tunazeeka, na mimi nitabaki mkamwana mbaya aliyevunja nyumba ya watu. Nikauma midomo.

Gwilym akamwangalia Siani, bado yuko kwenye tope, bado kafumba macho. Akapiga magoti palepale mbele yake.

"Ni Gwilym," akasema kwenye simu. "Watoto wanatoka shamba la Eluned. Eluned ni... ni mama yangu mzazi. Banda la nyuma, fuateni redio. Msisubiri kesho, njooni sasa hivi."

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliokota ndoo yake, akapanda ngazi, akaingia ndani. Tukasikia komeo likifungwa.

Delyth na yule afisa walikuja na askari kabla giza halijaingia, magari matatu. Gwilym ndiye aliyevibeba vizimba vyote mpaka nje, na mikono yake yote ikachanwa na waya.

Siani yuko hapa miguuni kwangu nikiandika. Delyth aliniomba msamaha mbele ya watu na mfupa tumeletewa, japo Krismasi bado. Mama mkwe amezuiwa na mahakama kufuga mnyama yeyote. Heledd amenifungia mtandaoni na viatu vyangu hajarudisha mpaka leo.

Kanisani? Wengine wananikumbatia. Wengine wakiniona wanahamia benchi jingine. "Mkamwana gani anampeleka mama mkwe kwa askari?" Nawasikia, wanajua nawasikia.

Na Gwilym, msiniulize kama nimemsamehe. Kila Jumamosi anakwenda kituoni kusugua sakafu, anarudi ananuka, mlango namfungulia, chakula namwekea. Kwa sasa ni hivyo tu.

Lakini sikuandika haya ili mniambie pole.

Habari ziliposambaa, simu ya kituo haikupumzika. Watu wanalia, watu wanalaani, watu wanataka kusaidia. Delyth akafurahi sana. Akapokea moja, akapokea nyingine...

"Watoto mnao?"

"Wapo. Na mama zao wapo, wanahitaji nyumba."

"Aah, mama... hapo tutafikiria. Tuwekee mtoto."

Wote vilevile! Watoto wakachukuliwa, kina mama wakabaki wanatazama ukuta. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Delyth siku nzima, na neno la mama mkwe likanirudia. Hawapendezi. Yule mama aliwajua watu kuliko sisi. Sisi ndio tuliomfundisha kazi. Kila anayetaka kitoto laini, leo leo, bila kuuliza, ndiye anayemfungulia mama mkwe ile redio ya bandani.

Kwa hiyo nawaomba, popote mlipo, hata kama huko kwenu mbwa analala nje na kulinda geti. Ukiambiwa mama yao huyu hapa, usiishie kunywa chai na kusifia jiko. Angalia kama watoto wanamfuata kunyonya na yeye anawalamba. Omba kuona wanapolala. Siku nyingine pita bila kutoa taarifa. Ukiona unafichwa chumba, ondoka, na useme, hata kama mwenye nyumba ni ndugu yako. Au fanya rahisi: anza na kituo. Wapo wakubwa, wapo wadogo, na hakuna aliyeazimwa.

Wale kina mama wa bandani sasa wote wamepata watu, mmoja mmoja, polepole. Amebaki mmoja tu.

Ni mzee, meno ya mbele hana, anaogopa majani kwa sababu hajawahi kuyakanyaga. Ukimbeba mpaka bustanini anasimama palepale ulipomwacha, anakuangalia wewe. Jana aliinua mguu mmoja, akaugusisha kwenye majani, akaurudisha. Delyth na mimi tulishangilia kama vichaa.

Kituo kinafunguliwa saa nne asubuhi. Jina bado hana, tumemwachia atakayekuja kumchukua.